"Muda Mrefu Sana" ni Saa Ngapi?



Kompyuta haiwezi kuandika moja ya kumi. Sisi tunaandika 0.1 na kupita zetu. Kompyuta, ambayo tarakimu zake ni sifuri na moja tu, ikijaribu kuandika kiasi hichohicho hupata mfuatano usio na mwisho: 0.0001100110011, na kuendelea. Hivyo hulazimika kukata. Mahali fulani inasema inatosha, na kilichobaki inakitupa.

Katika Patriot, mtambo wa Marekani wa kutungua makombora, ukataji huo ulifanyika kwenye biti ya 24. Kilichotupwa kilikuwa kidogo mno, takribani 0.000000095 ya sekunde kwa kila sehemu ya kumi ya sekunde. Lakini mtambo ulihesabu muda wake tangu kuwashwa kwa vipande vya sehemu ya kumi, kisha ukaizidisha hesabu hiyo kwa ile 0.1 yake iliyopungua. Kwa hiyo kosa halikutulia mahali pamoja. Lilikua kadiri mtambo ulivyokaa umewashwa. Baada ya saa 8 lilifika sekunde 0.0275. Baada ya saa 100 lilifika sekunde 0.34.

Usiku wa tarehe 25 Februari 1991, mtambo mmoja wa Patriot uliokuwa ukilinda Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Kombora la Scud lililorushwa kutoka Iraq lilikuwa likienda zaidi ya kilomita 1.6 kwa sekunde, na kwa mwendo huo theluthi ya sekunde ni zaidi ya nusu kilomita. Rada ililiona kombora mara ya kwanza. Programu ikakokotoa mahali pa kulitazamia mara ya pili, ikatazama pasipo, haikuona kitu, ikahitimisha kwamba hapakuwa na kombora. Scud ikaangukia kambi na kuua wanajeshi 28 wa Marekani.

Kisa hiki husimuliwa sana kwenye madarasa ya hesabu, kuwatisha wanafunzi wasikate desimali ovyo. Mimi nimekileta kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba kosa lilikuwa limekwisha kujulikana. Tarehe 11 Februari, wiki mbili kabla ya Dhahran, Waisraeli waliokuwa na mitambo hiyohiyo waliwaarifu Wamarekani kwamba baada ya saa 8 za kazi mfululizo, dirisha ambamo rada hulitazamia kombora linakuwa limesogea kwa asilimia 20. Walijuaje? Walikuwa wamefunga vinasa data kwenye mitambo yao. Waliiacha mitambo ifanye kazi iliyowekewa, kisha wakakaa kusoma kilichonaswa.

Vinasa vya namna hiyo vilikuwepo kwa Wamarekani pia. GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, inaeleza katika ripoti yake ya mwaka 1992 kwamba makamanda waliamua kutovitumia, kwa hofu kuwa vingeweza kuuzima mtambo pasipo kutarajiwa.

Programu iliyorekebishwa ilitolewa tarehe 16. Tarehe 21, ofisi iliyosimamia Patriot ikatuma ujumbe kwa vikosi: mtambo ukiachwa umewashwa kwa muda mrefu sana, dirisha linaweza kusogea. Muda mrefu sana. Ujumbe haukutaja saa ngapi. Waliouandika waliamini hakuna atakayeuacha mtambo wazi kiasi cha kuharibikiwa. Waliousoma hawakuwa na njia ya kujua kama saa 20 ni nyingi, au 50, au 100. Na dawa ya muda, kuuzima na kuuwasha upya, ilikuwa kazi ya dakika moja au moja na nusu. Programu mpya iliwasili Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya shambulio.

Nitakayoyasema leo yamo yote ndani ya kisa hicho. Kuna kusikiliza mfumo ukiwa kazini, jambo ambalo upande mmoja ulilifanya na mwingine ukaliogopa. Na kuna kuuandika muda kwa tarakimu, jambo ambalo ujumbe wa tarehe 21 haukulifanya. Dai langu ni kwamba la kwanza bila la pili ni kujaza diski tu.

Upimaji tunaoufundisha zaidi vyuoni nitauita upimaji wa kuhoji. Unautenga mfumo pembeni, unaupa pembejeo uliyoichagua mwenyewe, unangoja, kisha unalilinganisha jibu lake na jibu ulilokuwa nalo mkononi. Siidharau kazi hiyo. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alikwisha kutuonya, tangu mwisho wa miaka ya 1960, kwamba kupima programu kunaweza kuonyesha kuwa makosa yapo, hakuwezi kuonyesha kuwa hayapo. Na onyo lake linaugusa upimaji wa kila aina, huu ninaoutetea ukiwa ndani. Ila masharti ya muda yakiingia, kuhoji kunapata udhaifu wa pekee. Anayehoji huja na mwendo wake mwenyewe.

Mashine ya mionzi ya Therac-25, iliyotengenezwa na AECL ya Kanada, iliwapa wagonjwa sita mionzi kupita kiasi kati ya mwaka 1985 na 1987, na baadhi yao walifariki. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, iligundulika kwamba kosa mojawapo lilijitokeza pale tu mhudumu aliporekebisha maagizo kwenye skrini upesi, ndani ya zile sekunde 8 ambazo mashine ilikuwa ikipanga sumaku zake. Mhudumu mzoefu ana vidole vyepesi. Mhandisi anayeikagua mashine kwa uangalifu huandika polepole, na ndiyo maana wahandisi wa kampuni hawakuweza kulirudia kosa hilo mpaka walipoambiwa kwamba lazima waandike haraka. Kila hatua ilikuwa sahihi, na mpangilio wa hatua ulikuwa sahihi. Kilichotofautiana kilikuwa nafasi ya muda kati ya hatua na hatua.

Upimaji wa kusikiliza hauulizi kitu. Unakaa mahali ambapo ujumbe unaoingia na unaotoka unapita, unaandika kila tukio pamoja na saa lilipotokea, na unaulinganisha mfuatano huo na kile ambacho mfumo umeahidi. Wazo lilipata nguvu kwa watu wa mitandao ya simu, kwa sababu iliyo wazi: mtandao wenye wateja mamilioni hauwezi kusimamishwa ili uhojiwe. David Lee na wenzake wa Bell Labs waliliandika kwa utaratibu mwaka 1997, wakilihusisha na usimamizi wa mitandao, na walianza na tatizo linalomkabili kila msikilizaji. Yeye huja katikati. Ni kama mtu anayefika barazani mazungumzo yameshakolea, akasikia "basi akakataa," asijue nani alikataa nini. Mfumo una hali zake za ndani, na anayesikiliza hajui umo katika hali ipi alipoanza kusikiliza. Njia yao ilikuwa kuanza na hali zote zinazowezekana na kuzipunguza: kila tukio linaposikika, zile zisizoweza kulitoa zinafutwa. Ikibaki hali moja, msikilizaji ameupata uzi. Isipobaki hata moja, mfumo umefanya jambo ambalo maelezo yake rasmi hayaliruhusu popote, na hapo kosa limekamatwa.

Njia hiyo ni nzuri mradi maelezo rasmi ya mfumo mzima yapo, yamekamilika, na ni ya kweli. Mliowahi kufanya kazi kwenye kampuni mnacheka, nami naona. Kwa hiyo mapema miaka ya 2000 Ana Cavalli na wenzake, huko Évry karibu na Paris, walikwenda kwa njia iliyo nyepesi kubeba. Badala ya kubeba maelezo yote, msikilizaji anabeba kanuni chache ambazo hazipaswi kuvunjwa kamwe, zenye sura ya "kila likitokea hili, baadaye lazima litokee lile, na kati yao lisitokee jingine." Kanuni kama hiyo haidai ujue mazungumzo yalianzaje. Unaitafuta kwenye kumbukumbu popote ulipo.

Sasa tuipe kanuni saa. Nitachukua malipo ya umeme kwa simu, kwa sababu ukumbini humu hakuna asiyewahi kukatwa pesa akakaa anaitazama simu akingoja token. Tarakimu nazibuni kwa ajili ya mfano. Tuseme kampuni ya simu imeahidi hivi: pesa ikikatwa kwa namba fulani ya muamala, basi ndani ya sekunde 30 ama token itoke ama pesa irudi, na katikati hapo pesa isikatwe tena kwa namba ileile. Msikilizaji anakaa mlangoni mwa seva. Anaona pesa imekatwa, anaanza kuhesabu. Token ikitoka sekunde ya 11, hukumu ni sawa. Ikitoka sekunde ya 45, ni kosa, hata kama token yenyewe ni sahihi tarakimu kwa tarakimu na mteja amewasha taa zake. Ni hapa ambapo watengenezaji wengi hukunja uso. Kwao jibu sahihi lililochelewa ni jibu sahihi. Kwa mteja aliyekwisha kurudia muamala akidhani wa kwanza umekwama, jibu lililochelewa ni token mbili na pesa ya sokoni imekwisha.

César Andrés, Mercedes Merayo na Manuel Núñez wa Universidad Complutense huko Madrid waliiandikia hali hii nadharia yake, na mwaka 2008 walichapisha kazi inayohusu hasa upimaji wa kusikiliza kwa mifumo yenye masharti ya muda. Katika kanuni zao unaweza kuweka kikomo kwa kila hatua na kikomo kingine kwa safari nzima. Anayeona hilo ni jambo dogo afanye hesabu. Tuseme muamala mwingine una hatua tatu: PIN kukubaliwa hadi pesa kukatwa, pesa kukatwa hadi kampuni ya umeme kujibu, na jibu hilo hadi meseji kuondoka. Kila hatua imepewa sekunde 10, na safari nzima imepewa 20. Hatua zote zikichukua sekunde 9, kila idara itaonyesha ripoti safi, na mteja atakuwa amengoja sekunde 27. Hakuna aliyevunja sharti lake, ila ahadi imevunjwa. Nimeona mikutano mirefu ikiishia hapo, kila mtu ameshika karatasi yake na wote wana haki.

Kikomo cha chini nacho kina kazi yake, ingawa husahaulika. Jibu linalorudi ndani ya milisekunde 2 kutoka kwa kampuni iliyo upande wa pili wa mtandao halistahili pongezi. Huenda aliyejibu si kampuni hiyo, ni jibu la jana lililohifadhiwa njiani likatolewa tena leo. Msikilizaji mwenye kikomo cha juu peke yake atalipigia makofi.

Watu wa Madrid waliongeza jambo moja la busara: kabla ya kuitumia kanuni kuuhukumu mfumo, ihukumiwe kanuni yenyewe dhidi ya maelezo rasmi, kama yapo. Kanuni huandikwa na watu, na watu hukosea. Hakuna kinachoua upesi imani ya wahandisi kwa msikilizaji kama kengele ya uongo ya saa tisa usiku.

Wanafunzi wa nadharia watauliza kwa nini tusithibitishe mfumo mzima mara moja badala ya kuunyemelea tukio kwa tukio. Mashine za hali zenye saa, ambazo Rajeev Alur na David Dill walizianzisha mwaka 1990 na kuzieleza kikamilifu mwaka 1994, zimetupa lugha ya kuandikia masharti ya muda, na zimezaa zana zinazofanya kazi kweli. UPPAAL, iliyotokana na ushirikiano wa vyuo vikuu vya Uppsala na Aalborg, hutumiwa hadi leo. Lakini Alur na Dill walionyesha vilevile kwamba swali la kama kila mwenendo wa mashine moja ya aina hiyo unakubalika na nyingine, kwa ujumla wake, halina utaratibu wowote wa kulijibu. Ugumu wake haupungui kwa kununua kompyuta kubwa zaidi. Msikilizaji anauliza swali dogo kuliko hilo: je, mwenendo huu mmoja, uliotokea leo asubuhi, unakubalika? Hilo linajibika. Gharama yake ni kwamba hana la kusema juu ya mienendo ambayo haijatokea.

Narudi kwenye muamala wetu wa sekunde 30, kwa kuwa kuna hukumu ya tatu ambayo programu nyingi hazina. Kumbukumbu ikikatika sekunde ya 12 baada ya pesa kukatwa, hatuwezi kusema sawa wala kosa. Jibu ni "bado." Mpimaji akilazimishwa kuchagua kati ya mawili, atatia "bado" zote kwenye kapu la sawa, na mwisho wa mwezi ripoti itapendeza macho. Kinyume chake, ikifika sekunde ya 31 na hakuna kilichotokea, kosa limetimia ingawa hakuna tukio lililoliandika. Hapa ndipo usikilizaji wenye saa unapoachana kabisa na usikilizaji usio na saa. Programu inayoamka pale tu tukio linapofika haitaamka kwa ajili ya tukio ambalo halikufika. Msikilizaji lazima awe na saa inayomwamsha mwenyewe.

Tarehe 14 Agosti 2003, saa 8:14 mchana, programu ya kengele za tahadhari katika chumba cha udhibiti cha FirstEnergy, kampuni ya umeme ya Ohio, iliacha kufanya kazi. Haikutoa ujumbe wa kosa, ilinyamaza tu. Waendeshaji waliokaa mbele ya skrini zisizolia waliamini kwamba mambo ni shwari, na hata walipopigiwa simu kutoka nje kuambiwa kuna hitilafu kwenye laini, walikuwa na sababu ya kuamini skrini zao kuliko simu. Laini zilizolegea kwa joto la mzigo ziligusa miti, zikajizima moja baada ya nyingine. Muda mfupi baada ya saa 10 jioni, watu wapatao milioni 50 katika majimbo kadhaa ya Marekani na mkoa wa Ontario, Kanada, walikuwa gizani. Kengele si sababu pekee; ripoti ya tume ya nchi hizo mbili ina lawama za kumtosha kila mtu, kuanzia miti isiyopogolewa. Lakini kosa la programu lilikuwa la muda: michakato miwili iligombea data ileile katika kipenyo cha milisekunde, na mfumo wa kengele ukakwama. Kulitafuta ndani ya programu kulichukua wiki nyingi. Kuliona kutoka nje kungehitaji kanuni ya mstari mmoja: mfumo wa kengele utoe ishara ya uhai kila baada ya sekunde kadhaa, na ikikosekana, mtu aambiwe.

Niseme kidogo juu ya wastani, maana najua ofisini kwenu kuna skrini ukutani yenye mistari ya kijani. "Wastani wa muda wa kujibu: sekunde 4." Sharti la muda halihusu wastani. Miamala 1,000 ikiwa na wastani wa sekunde 4, inawezekana kabisa 10 kati yake imechukua dakika mbili kila mmoja, na wenye hiyo 10 ndio walio kwenye foleni ya huduma kwa wateja. Skrini hizo zina manufaa kwa kupanga uwezo wa seva. Kuziita upimaji ni kujipendelea.

Saa ni ya nani? Swali hili huleta taabu kuliko nadharia yote niliyoitaja. Ombi linaandikwa na seva moja, jibu linaandikwa na nyingine, na saa za seva mbili hazifanani kamwe. Kumbukumbu zikiunganishwa, jibu linaweza kuonekana limetoka kabla ya swali. Leslie Lamport, naye mwanasayansi wa kompyuta, alishaonyesha mwaka 1978 kwamba katika mfumo uliosambaa tunachoweza kukitegemea ni mpangilio wa nani alimtumia nani ujumbe, na kwamba saa za ukutani ni habari nyingine. Kiutendaji inategemea kikomo. Kwa kikomo cha sekunde 30, saa zinazopishana nusu sekunde hazidhuru. Kwa kikomo cha milisekunde 50, kila hukumu utakayotoa ni ramli. Hapo pima mwanzo na mwisho kwa saa moja, mahali pamoja, au andika kiasi cha shaka ndani ya hukumu yenyewe. Na saa hiyo isiwe ya mfumo unaopimwa: anayeazima saa ya Patriot atakubaliana na Patriot.

Kwetu kuna mtego wa ziada, mdogo ila unauma. Kigoma iko saa tatu mbele ya saa ya dunia (UTC), Bujumbura ng'ambo ya mpaka iko saa mbili mbele, na seva nyingi zimewekwa kwenye saa ya dunia yenyewe. Pesa inayovuka kutoka Kigoma hadi Bujumbura inaweza kuandikwa kwa hesabu tatu za saa. Kumbukumbu zote ziandikwe kwa saa ya dunia, na saa za mahali zibaki kwa ajili ya skrini ya mteja.

Sasa ile hofu ya makamanda wa Patriot. Hawakuwa wajinga. Kusikiliza kuna gharama, na kwenye mfumo wenye masharti ya muda gharama hiyo ni muda wenyewe. Ukiongeza mstari mmoja wa kuandika kwenye kumbukumbu, umeichelewesha programu kidogo, na ucheleweshaji huo unaweza kulificha kosa ulilokuja kulitafuta au kuzaa jingine. Jason Gait alilieleza jambo hili mwaka 1986 kwa programu zenye michakato inayokwenda sambamba, na kila aliyewahi kuona kosa likipotea mara tu anapowasha logi analijua bila kusoma. Njia ya kwanza ya kulikwepa ni kusikiliza kutoka nje, kwenye waya, kwa mashine nyingine. Njia ya pili naipenda zaidi: sikio liwe ndani tangu mwanzo, lipimwe pamoja na mfumo, lisitolewe kamwe.

Hivyo ndivyo walivyofanya watu wa Mars Pathfinder. Chombo kilitua Mars tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye, kikikusanya data za hali ya hewa, kikaanza kujiwasha upya chenyewe. Ndani yake kulikuwa na kazi yenye kipaumbele cha juu iliyosimamia njia ya data, ambayo ililazimika kumaliza kabla ya mzunguko mpya kuanza. Mizunguko ilikuwa 8 kwa sekunde, yaani milisekunde 125 kila mmoja. Kazi ya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilikuwa wakati mwingine ikishika kufuli ambalo ile ya juu ililihitaji. Hilo peke yake lingevumilika. Lakini kazi za kipaumbele cha kati, zisizo na haja yoyote na kufuli, ziliweza kuingia na kumsukuma pembeni mwenye kufuli, na mkubwa akabaki akimngoja mdogo asiyepewa nafasi. Mzunguko ukipita kabla hajamaliza, programu iliona sharti la muda limevunjwa, ikawasha upya kila kitu kwa usalama.

Dalili hiyo ilikuwa imeonekana kabla ya safari, ila kila walipojaribu kuirudia iligoma. Kilichowaokoa ni kwamba uwezo wa kunasa mfuatano wa matukio ulibaki ndani ya programu iliyoruka. Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA iliyokitengeneza chombo, walikiendesha chombo pacha kilichokuwa duniani, kinasa kikiwa kimewashwa, wakakiacha kiendelee hadi kilipojiwasha upya, kisha wakasoma nani alikuwa ameshika nini, na tangu lini. Marekebisho yalikuwa kubadili mpangilio mmoja wa lile kufuli, ili anayelishika aazimwe kipaumbele cha anayelingoja. Yalitumwa kwa redio, na chombo kikaendelea na kazi. Glenn Reeves, aliyeongoza timu ya programu, alieleza yote hayo hadharani, bila kuficha kwamba dalili ilikuwa imetangulia. Angalieni kilichofanya kumbukumbu ile iwe na maana: milisekunde 125. Ilikuwepo tarakimu iliyoandikwa, na programu yenyewe iliijua.

Mifumo mingi inayotumiwa na taasisi za eneo letu imenunuliwa. Programu yenyewe hatuioni, na mara nyingine mkataba unatukataza hata kuihoji nje ya njia alizoruhusu muuzaji. Kwa mnunuzi wa namna hiyo upimaji wa kusikiliza ndio ulio mikononi mwake, kwa kuwa ujumbe unaoingia na kutoka unapita kwenye mtandao wake mwenyewe. Kizuizi cha haki ni siri za watu. Kumbukumbu ya miamala ina namba za simu, majina na viasi, na Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, Rwanda tangu 2021 na Tanzania tangu 2022. Lakini msikilizaji wa muda hahitaji jina wala kiasi. Anahitaji aina ya tukio, saa lilipotokea, na alama ya kuunganisha ombi na jibu lake, ambayo inaweza kuwa namba isiyomtambulisha mtu. Kilichobaki kiondolewe pale kinaponaswa, kabla hakijaandikwa popote.

Kwenye hati za zabuni ningeweka kifungu kifupi. Muuzaji aorodheshe kila jambo ambalo mfumo unaahidi kulifanya kwa wakati, pamoja na kikomo cha chini na cha juu kwa tarakimu; aeleze kikomo kinapimwa kutoka tukio gani hadi tukio gani, na kwa saa ya nani; matukio hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu ambayo mnunuzi anaisoma bila kuomba ruhusa; na uandikaji huo uwe umewashwa tangu majaribio ya kupokea mfumo hadi siku utakapostaafishwa. Penye "haraka," "papo hapo" au "kwa muda unaofaa," hati irudishwe kwa mwandishi wake. Wauzaji watasema bei itapanda, na kwa wasiowahi kuzipima tarakimu zao itapanda kweli, maana itabidi wakazipime.

Wala msianze na kanuni mia. Nimeona orodha ndefu za namna hiyo zikifa kwa kukosa mtu wa kusoma matokeo. Anzeni na tano au sita, mpeni mtu mmoja jukumu la kuzisoma kila asubuhi, na kwa mfumo wa malipo ya kwanza iwe ile ya pesa iliyokatwa pasipo jibu, kwa sababu walioathirika nayo wanajulikana kwa namba ya muamala na wanaweza kurudishiwa pesa siku hiyohiyo.